Ua bila ua: njia nne za kuupa uhai uwanja wa vitofali kwa pesa kidogo

Uwanja wetu ni mita 12 kwa 10, na wote ni vitofali vya pevingi, vile ambavyo Nairobi huviita kabro, kuanzia getini hadi mlango wa jikoni. Aliyevitandaza alikuwa na sababu zake. Kiangazi hakuna vumbi, masika hakuna matope, gari linaingia bila kukwama, na siku ya shughuli turubai linasimama katikati na viti vinaenea. Lakini mwezi wa pili, saa nane mchana, ukikanyaga peku unarukaruka kama mcheza sindimba. Ukikaa barazani kutazama, unachokiona ni kijivu cha chini, kijivu cha ukutani, na geti.

Kiswahili chenyewe kinatania hapa, maana ua ni uwanja uliozungushiwa na ua ni kitu kinachochanua. Huo wa kwanza ninao. Hilo la pili sikuwa nalo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kununua miche 14 kwa pupa na kuisambaza uwanja mzima, mmoja hapa, mmoja kule, ili "pasibaki patupu". Matokeo yake, pakaonekana kama mtu anahama na gari limechelewa. Uwanja mkubwa humeza vitu vidogo. Nilijifunza hapo kwamba mita za mraba 120 hazijazwi kwa laki tatu, na wala hazitaki kujazwa: katikati ni pa gari, pa watoto na pa shughuli. Kazi ya pesa kidogo iko pembeni, yaani ukutani na kwenye kona moja au mbili ambazo macho huzifuata. Njia zote nne zilizo hapa chini nimezipima kwa msimamo huo.

Mizani ya kupimia

Nitachukua uwanja kama wangu, wenye ukuta wa mita 2 pande tatu, bomba moja, na bajeti ya shilingi laki tatu za Tanzania. Bei za mtaani hupanda na kushuka, kwa hiyo nitahesabu kwa ndoo, lita na toroli. Wewe utaweka bei za kwenu. Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale:

Pesa: ya kuanzia, na ile inayorudi kila mwezi au kila mwaka.
Maji na mikono: nani atamwagilia, atafagia, atapogoa?
Jua: inapunguza joto kweli, au inapendeza macho tu?
Muda: lini utaona tofauti?
Madhara: mbu, utelezi, mabomba, miiba.
Ukihama: unaondoka nayo au unamwachia baba mwenye nyumba?

Jua linahitaji neno la ziada. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini au utosini kabisa. Ukuta unaopata jua kali mwezi wa saba unaweza kuwa kivulini mwezi wa kumi na mbili. Kisichobadilika ni jua la jioni la magharibi, lile linalochoma baraza saa tisa hadi saa kumi na moja. Kabla ya kutoa hata shilingi, kaa uani siku moja ya mapumziko, chora mstari wa chaki pale kivuli kinapoishia saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi. Chaki hiyo itakuokolea miche mingi.

Jambo jingine la kufanya kwanza, ambalo ni la bure: ng'oa magugu kwenye viungo vya vitofali, sugua ukoga wa kijani kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, kisha fagilia mchanga mkavu ujaze viungo tena. Nimeona viwanja ambavyo baada ya hapo mwenyewe aliahirisha mengine yote.

Njia ya kwanza: mimea ya kwenye vyombo

Pesa. Vyombo vyenyewe ni karibu na bure. Ndoo tupu za rangi za lita 20 ziko kwa mafundi, madumu yaliyotoboka yako kila nyumba, na sufuria iliyokatika kitako inasubiri kazi mpya. Kinachokula pesa ni udongo, kwa sababu juu ya vitofali huna pa kuuchimba. Ndoo 30 za lita 20 zinataka lita 600, sawa na toroli kumi zilizojaa vizuri. Mchanganyiko unaonifaa ni sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyokwisha kuoza, na moja ya mchanga. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Kitaluni nunua miche ya kwenye viriba. Ile iliyokwisha hamishiwa kwenye chungu cha mapambo ni mche uleule, ila unalipia chungu.

Mingine usinunue kabisa. Bogenvilia huota kwa pingili: kata tawi lililokomaa nusu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, ondoa majani, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki sita hivi utaona chipukizi. Masika ndiyo msimu wake. Omba kwa jirani, na jirani hakatai, maana bogenvilia kila baada ya miezi michache lazima ipogolewe na matawi yatupwe.

Maji na mikono. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Ndoo moja juani, kiangazi, inataka lita moja hadi mbili kwa siku. Ndoo 30 ni lita 30 hadi 60, yaani madumu mawili au matatu kila siku ya Mungu. Maji yakikatika wiki nzima, ndoo ndizo za kwanza kulia. Kwa hiyo chagua mimea inayovumilia: bogenvilia, ambayo huchanua vizuri zaidi ikibanwa na kiu kidogo, alovera, potulaka, lile ua la chini lenye majani manono linalofunguka jua likipanda, na waridi la jangwani. Ukisafiri siku nne, hizo zitakungoja. Mchicha hautakungoja.

Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, jambo la kawaida maeneo mengi ya pwani, usianze na mimea laini. Bogenvilia na potulaka hustahimili. Na kila mvua inaponyesha, acha ndoo zimwagiwe mpaka maji yatoke chini, chumvi ioshwe.

Jua. Ndoo chache hazipoozi uwanja. Ukizikusanya saba au tisa mahali pamoja, zenye vimo tofauti, zinatiliana kivuli na udongo haukauki haraka. Ndoo nyeusi hupika mizizi. Ipake nje rangi nyeupe au ya krimu iliyobaki.

Muda. Wiki moja pakiwa na miche mikubwa. Miezi mitatu hadi sita ukianza na pingili.

Madhara. Mbu. Anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama, na visahani vya chini ya ndoo pamoja na matairi ni nyumba yake hasa. Dar es Salaam ilisumbuliwa na dengi mwaka 2014, ikasumbuliwa tena mwaka 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja tu, kwa hiyo usitumie visahani kabisa. Toboa matundu manne hadi sita unene wa kidole, uinue ndoo juu ya vitofali viwili, maji yapite. Ukipanda kwenye tairi, litoboe pande zote au lijaze udongo mpaka ukingoni. Wengi huweka kokoto chini ya ndoo wakiamini zinasaidia maji kutoka. Kipande cha neti juu ya tundu kinatosha, na udongo unapata nafasi zaidi.

Waridi la jangwani nalo lina utomvu wa sumu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wamekuwa wakitengeneza sumu ya mishale kwa utomvu wa mmea wa jamii hiyo. Mwenye mtoto anayetambaa auweke juu ya ukuta au asiuweke.

Ukihama. Unaondoka nayo. Lakini ndoo moja yenye udongo uliolowa ni kilo 25 hadi 30, kwa hiyo zihesabu kabla hujaita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Inamfaa mpangaji, na mtu anayependa mimea kwa dhati, yaani anayefurahia kumwagilia. Anayeona kumwagilia ni adhabu asidanganywe na picha.

Njia ya pili: kung'oa vitofali na kupanda ardhini

Hii ndiyo watu huiogopa kuliko zote, na mara nyingi bila sababu. Pevingi nyingi hazijaungwa kwa saruji, zimelazwa juu ya mchanga na kubanana zenyewe. Ingiza msumari kwenye kiungo. Ukizama kwenye mchanga, unaweza kung'oa. Ukigonga saruji, ruka njia hii.

Pesa. Kitofali cha kawaida cha mstatili ni sentimita 20 kwa 10, hivyo mita moja ya mraba ina vitofali 50. Chukua ukanda wa upana wa nusu mita na urefu wa mita 8 kando ya ukuta wa mpaka: ni mita nne za mraba, vitofali 200. Havitupwi. Ndivyo vitakavyokuwa kingo ya bustani, na vinavyobaki vitakuwa miguu ya benchi. Cha kwanza kina ubishi, kinataka patasi na bisibisi nene. Vilivyobaki vinatoka kwa mkono.

Gharama iko chini yake. Chini ya kitofali kuna mchanga, chini ya mchanga kuna kifusi kilichoshindiliwa, na kwenye kifusi hakuna mmea utakaokushukuru. Chimba sentimita 40 hadi 50. Kwa ukanda ule, ni karibu mita za ujazo mbili, toroli zaidi ya thelathini za kutoa, na karibu hizohizo za udongo mzuri wa kuingiza. Kibarua mmoja atatumia siku mbili au tatu. Kama laki tatu ndiyo yote uliyo nayo, sehemu kubwa itaishia hapa, na miche utaiomba. Anayebanwa anaweza kufungua mashimo matatu ya mita moja kwa moja badala ya ukanda mzima. Udongo hautazidi mita za ujazo moja na nusu.

Maji na mikono. Kiangazi cha mwaka wa kwanza unamwagilia, hasa Juni hadi Septemba. Baada ya hapo mizizi imeshuka na kazi inapungua sana. Ukianza na mvua za vuli au masika, mvua inakufanyia nusu ya kazi. Hapa ndipo tofauti na ndoo inapoonekana, kwa kuwa ndoo haikui mtu mzima, kila siku ni mtoto mchanga.

Jua. Mti ni kitu pekee katika orodha hii kinachoongeza kivuli kila mwaka bila kulipwa. Ukiuweka upande wa magharibi wa baraza, baada ya miaka michache jua la jioni limekwisha. Udongo ulio wazi nao hunywa mvua ambayo zamani ilikimbilia getini na kutuama barabarani.

Muda. Maua ya msimu ni miezi miwili au mitatu. Mpapai huanza kuzaa karibu mwaka mmoja baada ya kupandwa. Panda mitatu karibu karibu, kisha ikitoa maua bakiza ile inayozaa, kwa kuwa mipapai mingine ni dume. Mndimu na mkomamanga vinataka subira zaidi, ila mkomamanga una maua mekundu ambayo peke yake yanatosha kuwa sababu.

Madhara. Kabla ya kuchimba uliza mabomba ya maji, waya wa ardhini wa umeme na njia ya chemba vinapita wapi. Usifungue bustani kwenye msingi wa nyumba. Acha angalau hatua moja kubwa, maana unyevu na mchwa havibishi hodi. Mwembe, mfenesi na mkungu viache, hata kama mche unapewa bure. Mkungu una kivuli cha kupendeza, lakini baada ya miaka utakuinulia vitofali kama keki iliyoumuka. Tena vitofali vinavyobaki pembezoni mwa shimo huanza kutembea kama havijazuiwa, hasa gari likipita, kwa hiyo mwagia mstari mwembamba wa zege kwenye ukingo.

Ukihama. Unaacha kila kitu. Mpangaji akitaka njia hii apate ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi ikiwezekana, na ahifadhi vitofali.

Inamfaa mwenye nyumba yake, mwenye subira, na mwenye maji ya tabu. Hilo la mwisho huwashangaza watu, lakini hesabu madumu.

Njia ya tatu: rangi

Pesa. Kuta tatu za uwanja wangu zina urefu wa mita 32. Kwa kimo cha mita 2, ni mita za mraba 64. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliopigwa plasta hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 13 hadi 16: ndoo moja ya lita 20, na chenji inabaki. Ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta hunywa zaidi. Chokaa ni nafuu kuliko rangi yoyote, na pwani yetu imepakwa chokaa tangu ilipokuwa inachomwa kwenye matumbawe. Hata leo nyumba nyingi hupata mkono mpya wa chokaa karibu na Idd au Krismasi.

Sasa sakafu. Kitofali ni kikavu na kina vinyweleo. Lita moja ikifunika mita za mraba tano shukuru. Mita za mraba 120 kwa mikono miwili ni karibu lita 48, yaani ndoo mbili na nusu, na rangi hiyo itabanduka pale matairi yenye joto yanapokanyaga. Usipake sakafu nzima. Chagua "mkeka" wa mita 2 kwa 3 mbele ya baraza: ni lita mbili na nusu tu, na jicho linapata pa kutua. Kwetu tulichora ubao wa drafti, kete ni vifuniko vya ndoo. Wazee waliucheka siku mbili, ya tatu wakauliza zamu.

Maji na mikono. Hakuna kumwagilia. Kuna kurudia: chokaa ya nje hufifia kila masika, rangi nzuri hudumu miaka kadhaa.

Jua. Ukuta mweupe haupati moto kama wa kijivu, lakini mchana unarudisha mwanga usoni mpaka unakunja jicho. Krimu, manjano hafifu au rangi ya udongo wa kichuguu ni rafiki zaidi kwa anayekaa barazani. Joto la sakafu linabaki palepale.

Muda. Mwisho wa wiki mmoja. Hakuna njia nyingine inayobadilisha uwanja kwa kasi hii, na ndiyo maana naiheshimu kuliko wapenda mimea wanavyotaka.

Madhara. Rangi ya mafuta kwenye sakafu ni utelezi mtupu mvua ikinyesha. Fundi mmoja alinishawishi niipake ngazi ya jikoni, nami nikaanguka na sinia la chai. Changanya mchanga mwembamba kwenye mkono wa pili. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, vaa miwani na glovu. Na kama ukuta unatoa chumvi, ule unga mweupe unaokung'utika chini, rangi ya plastiki itafura malengelenge. Chokaa huuacha unyevu utoke, kwa hiyo inakaa vizuri zaidi. Mita nusu ya chini ipake rangi nzito ya udongo, kama nyumba zetu nyingi zilivyo, ili matone ya matope yasionekane.

Ukihama. Unaiacha, lakini ni nadra mwenye nyumba kulalamika kwa kupakiwa ukuta. Muulize tu kuhusu rangi.

Inamfaa asiye na muda, asiye na maji, na mwenye ukuta mrefu mchafu ambao ndio unaoutia uwanja huzuni. Mara nyingi tunalaumu sakafu, kumbe mkosaji ni ukuta.

Njia ya nne: kivuli na pa kukaa

Pesa. Neti ya kivuli huuzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Kona ya mita 4 kwa 4 inataka mirunda minne, waya, na ndoo nne za zege za kusimamishia, maana huwezi kuchimbia nguzo bila kung'oa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege inakaribia kilo 50 na haiendi mahali. Benchi ni mbao za paleti au ubao juu ya vitofali. Mkeka wa plastiki, taa mbili za sola, na unacho kitu. Katika njia zote nne hii ndiyo inayotumia fedha nyingi mara moja, lakini kwa mwaka wa kwanza hailipishi tena.

Makuti ni baridi na mazuri kuliko neti, hilo sibishi. Ila yanataka fremu imara, yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na hayapatani na jiko la mkaa.

Maji na mikono. Hakuna, isipokuwa kuifagia neti majani.

Jua. Inashinda hapa kwa mbali, na inashinda siku ileile. Kitofali kilicho kivulini unakikanyaga peku.

Muda. Siku mbili. Ukitaka kivuli chenye uhai, panda dodoki kwenye ndoo mbili chini ya nguzo. Kwa miezi miwili au mitatu litakuwa limetambaa hadi juu, lenye maua ya manjano, kisha linakupa madodoki ya kuogea. Mpesheni huchelewa zaidi lakini hukaa miaka.

Madhara. Upepo. Neti hupitisha upepo. Turubai upepo hulibeba kama tanga, kusi likivuma unalifuata kwa jirani. Turubai pia hukusanya maji ya mvua tumboni, na hapo mbu amepata nyumba tena. Kaza waya, acha mwinamo, na Machi kabla ya masika kagua mafundo yote. Taa za sola za bei ndogo hufifia baada ya muda, usizinunue nyingi kwa pamoja.

Ukihama. Unafungua, unakunja, unaondoka. Ndoo za zege ndizo zitakazokusumbua.

Inamfaa familia inayotaka kukaa nje, nyumba yenye mzee anayependa kupunga upepo jioni, na mama ntilie au fundi cherehani anayefanyia kazi uani. Haimfai anayetaka rangi na maua, kwa sababu neti ya kijani peke yake hufanana na eneo la ujenzi.

Kuchagua kwa hali yako

Umepanga na kodi inaisha baada ya miezi sita: ndoo tisa kwenye kona moja, na mkeka wa rangi kama mwenye nyumba hajali. Usinunue zaidi ya unachoweza kubeba kwa safari moja.

Nyumba ni yako na hutahama: fungua mashimo matatu mwanzo wa masika, hata kama mwaka huu hakutaonekana kitu. Pesa inayobaki ipake ukuta chokaa, ili uwe na cha kutazama wakati miti inajifikiria.

Maji ni ya shida, au ni ya chumvi: anza na rangi na kivuli. Ukitaka ua, bogenvilia mbili ardhini, mbali na njia ya watu kwa sababu ya miiba. Juu ya ukuta miiba hiyohiyo inafanya kazi ya ulinzi.

Kuna watoto wadogo: ubao wa drafti, kivuli, na kona ya mchicha na nyanya kwenye viroba, ambako watachafuka kwa faida. Kule Kibera magunia ya sukumawiki hulisha familia mahali ambapo ardhi hakuna. Safu ya kokoto katikati ya gunia hupeleka maji mpaka chini. Waridi la jangwani lisubiri wakue.

Uwanja wenu ndio wa shughuli za ukoo mzima: kila kitu kiwe ukutani au kiwe cha kuhamishika. Ukanda mwembamba kando ya ukuta haumzuii mtu, kivuli cha katikati kitang'olewa na watu wa msiba kabla hujaamka.

Huwa unasafiri: rangi, na mti ambao umekwisha maliza kiangazi chake cha kwanza. Ndoo uziachie wenye watu nyumbani.

Na kama una Jumamosi moja tu na pesa ya mfuko mmoja wa chokaa: anza na ukuta unaotazamana na kiti chako cha jioni, mikono miwili, wa pili ule wa kwanza ukishakauka. Kuta nyingine mbili zinaweza kungoja mwisho wa mwezi.